Nimeficha kijiko cha mwenzangu, naogopa kusema

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 33. Nimekula unga, yaani heroini, miaka tisa, na minne ya mwisho nililala nje. Nje kweli: viatu chini ya kichwa visiibiwe, usingizi wa jicho moja, na kila baada ya siku chache mwanaume mwingine anayejifanya mlinzi wangu. Sasa nina miezi mitano katika nyumba ya mpito ya wanawake tunaoacha dawa za kulevya. Tupo tisa. Nimeruhusiwa kukaa mwaka mmoja. Asubuhi nakwenda kliniki kunywa methadoni, dawa ya kutusaidia kuacha unga, mchana najifunza kushona, jioni tuna kikao. Nina kitanda, nina kabati lenye kufuli, na ufunguo wake nauvaa shingoni. Wiki za mwanzo nilikuwa naamka usiku kuushika tu.

Nalala chumba kimoja na dada nitakayemwita Rehema, si jina lake. Wiki yangu ya pili pale nilitaka kuondoka. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ilikuwa imeisha, iliyobaki ni ile hamu inayokuja kama mtu anakuita kwa jina. Rehema alinikuta kwenye ngazi nimeshavaa viatu. Hakunihubiria. Alikaa pembeni yangu akanishika mkono, tukakaa hivyo hivyo mpaka kukapambazuka. Bila yeye nisingekuwa nakuandikia.

Jumapili iliyopita alikwenda kumwona mwanawe wa miaka sita, anayelelewa na bibi yake. Mtoto alijificha nyuma ya bibi akauliza, "Huyu ni nani?" Rehema alirudi akanisimulia huku anacheka, na mimi kicheko kile nakijua. Siku hiyo hiyo akaniambia kwamba methadoni ameiacha tangu miezi miwili nyuma, kwa sababu ndugu zake walimwambia ni unga wa serikali, eti hajaacha kitu ila kubadilisha duka.

Jumatano nilikuwa natafuta soksi, nikavuta isiyo yangu. Ndani mna kijiko cha kuchemshia unga, mpini umepinda, chini cheusi. Akaingia akanikuta nimekishika. Alipiga magoti, Shangazi, mtu mzima wa miaka 41. Akasema ametumia mara mbili tu, tangu Jumapili. "Ukisema, wewe ndiye utakuwa umenirudisha barabarani."

Sheria ya nyumba ni kwamba anayetumia anatoka siku hiyo hiyo. Anayemficha mwenzake anaandikiwa onyo, la pili naye anatoka. Mama mlezi wetu ni mwema lakini kwenye sheria hana mzaha. Mwezi wangu wa pili mwenzetu mmoja alitolewa, na hatujasikia habari zake mpaka leo.

Nikamwapia Rehema kwamba sitasema. Leo ni siku ya tano. Usiku silali, nasikiliza anavyopumua. Akiingia bafuni nahesabu moyoni mpaka atoke. Nikisema, nimemsaliti aliyeniokoa. Nikinyamaza, sijui. Nihame chumba bila kutoa sababu? Nisubiri kipimo cha mkojo kimkamate, ili isiwe mimi? Au nimsihi aende kusema mwenyewe?

Na jambo jingine. Nilimwambia kile kijiko nimekitupa. Sikukitupa. Kipo kwenye begi langu, nimekiviringisha kwenye kitambaa. Sijui kwa nini.

Mwenye Siri

*

Marahaba mwanangu,

Nimeweka kando barua nyingine zote nikujibu wewe kwanza. Nitaanza na Rehema, kwa sababu uhai wake uko hatarini usiku wa leo. Lakini mistari yako ya mwisho nimeiona, na nitaifikia.

Hizo usiku tano unazosikiliza pumzi zake zinaonyesha kwamba hatari unaijua. Mwili unaokula unga kila siku unajenga uvumilivu, unahitaji zaidi na zaidi ili usikie kitu. Ukikaa miezi bila unga, uvumilivu huo unashuka. Kichwa lakini hakisahau, kinakumbuka kipimo cha zamani. Basi mtu anapima kwa kumbukumbu ya mwaka jana, na mwili unapokea kama ndiyo mara ya kwanza. Pumzi zinapungua kasi, kisha zinasimama. Hapo haijalishi alikuwa na nia ya kufa au alitaka tu kuusahau uso wa mtoto wake kwa saa moja.

Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliofuatilia karibu wafungwa 49,000 walioachiwa huru Uingereza na Wales. Katika wiki ya kwanza baada ya kutoka, wanaume walikuwa na hatari ya kufa mara 29 kuliko watu wa kawaida, na karibu vifo vyote hivyo vilitokana na dawa za kulevya. Wanawake mara 69. Gereza na nyumba yenu ni vitu viwili tofauti, nalijua hilo, lakini mwili haujui tofauti hiyo. Unachojua ni kwamba umekaa muda mrefu bila unga, na sasa unga umerudi.

Rehema alikuwa na kitu kinachomkinga, akakiacha kwa maneno ya ndugu. Naomba umwambie, na ukipata nafasi uwaambie na hao ndugu: methadoni pamoja na buprenofini, dawa nyingine ya kutibu walioacha unga, zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005. Methadoni inakaa mahali pale pale unga unapokaa kwenye ubongo, lakini inafanya kazi taratibu, karibu siku nzima. Anayekunywa dozi iliyopimwa vizuri hapati arosto na wala halewi, anaamka, anakwenda kushona, kama wewe. Kuiacha ghafla, bila daktari, ni kubomoa uvumilivu na kuiacha hamu ikiwa hai. Ndugu zake walitaka awe safi. Waliomwambia vile hawakujua wanamtoa kwenye mtumbwi kabla hajafika ufukweni.

Sasa niseme jambo ambalo huenda limeshakupitia akilini, kwa sababu unampenda. Usimgawie methadoni yako, hata tone. Aliyekaa miezi miwili bila methadoni hawezi kurudia dozi yake ya zamani, achilia mbali dozi ya mtu mwingine, na akichanganya na unga ndiyo hatari zaidi. Kliniki itamwanzisha chini kabisa na kumpandisha kidogo kidogo. Ni kazi yao, na mara nyingi wanaifanya bila kelele, kwa sababu kwao mtu aliyeteleza akarudi ni jambo la kila wiki.

Kuhusu kusubiri kipimo cha mkojo: usisubiri. Kipimo kwa kawaida hukamata unga wa siku mbili tatu tu, kwa hiyo kinaweza kumpita kabisa. Na kama hakitampita, basi umekiachia kikombe cha plastiki kazi ambayo ni ya rafiki. Kuhama chumba kimya kimya nako ni kumwacha atumie peke yake mlango ukiwa umefungwa. Wengi wamekufa hivyo, wapo peke yao, hakuna wa kusikia.

Kwa hiyo zungumza naye leo, kabla ya kikao cha jioni kama inawezekana. Mkae mahali mlipokaa ule usiku, kwenye ngazi. Mwambie: "Dada, nilikuapia kwa hofu, na kiapo kile nakurudishia. Twende kwa mama mlezi pamoja. Nataka useme wewe, mimi nitakaa pembeni yako. Lakini usiposema wewe, nitasema mimi, na nakwambia kabla sijafanya ili usije ukasikia kwa mwingine." Mpe saa chache, usimpe siku. Akikutukana, vumilia. Akilia, lia naye, ila usirudi nyuma. Na ukigundua ametumia tena kabla hamjakwenda, mwamshe mama mlezi hata kama ni saa nane za usiku.

Umeniambia Rehema alikuokoa. Kumbuka alivyofanya. Alikaa na wewe, hakukufungulia geti eti kwa kuwa wewe ni rafiki yake na umeamua. Unachokwenda kufanya ni kile kile alichokufundisha.

Mpaka mtakapokuwa mmesema, asijifungie bafuni. Muulize mama mlezi naloksoni inakaa wapi, swali ambalo kila mkaaji ana haki ya kuuliza wakati wowote. Naloksoni ni dawa inayozuia unga mwilini kwa muda, ipo ya kupuliza puani na ipo ya sindano, na haimdhuru mtu hata kama ulikisia vibaya. Ukimkuta anakoroma kwa mlio wa kububujika, midomo imebadilika rangi kuwa ya bluu au kijivu, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano, au umemtikisa na kumwita haamki, usimwache "alale itoke". Piga kelele, iteni gari la wagonjwa, mpeni naloksoni. Kama hapumui, mpulizie pumzi mdomoni, moja kila sekunde tano. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze ubavu. Msimmwagie maji baridi, msimnyweshe chochote. Na akiamka msimwache, kwa sababu naloksoni hufanya kazi kati ya nusu saa na saa moja na nusu hivi, ikiisha unga uliobaki unaweza kumzamisha tena.

Sasa sheria yenu ya kutoka siku hiyo hiyo. Hapa nitasema ninavyoamini.

Nilifanya zamu za usiku miaka kadhaa katika nyumba kama yenu. Usiku mmoja alitolewa mwanamke aliyekutwa na harufu ya pombe. Ilikuwa saa nne. Vitu vyake vilitiwa kwenye mfuko wa plastiki wa takataka kwa sababu begi hakuwa nalo, nami ndiye niliyeushika mfuko ule wakati anavaa kandambili. Alinishukuru. Nilifunga geti kwa mkono wangu, na nilijua anakokwenda, kwa sababu mwanamke anayetupwa nje saa nne usiku ana mahali pamoja pa kupata dari, kwa yule mwanaume aliyemkimbia. Wenye dari la namna hiyo wanalipwa kwa mwili, na mara nyingi kwa kipigo pia. Sikupinga. Nilisema sheria ni sheria. Sitaki wewe wala mama mlezi wenu mbebe nilichobeba mimi.

Hata hivyo sheria ile haikutungwa na watu wabaya. Mwaka 1975, Silver Spring huko Maryland, Marekani, nyumba ya mpito ilikuwa inafungwa, na wanaume waliokuwa wanaacha pombe wakaamua kuikodi wenyewe. Wakaiita Oxford House. Waliweka sheria tatu: tunajiongoza kwa kura, tunajilipia wenyewe, na anayerudi kwenye ulevi anatoka. Leo zipo nyumba za namna hiyo kwa maelfu, za wanaume na za wanawake. Na zinasaidia. Watafiti wa Chicago waliwafuatilia watu 150 waliotoka kwenye tiba, nusu wakapelekwa Oxford House na nusu wakaendelea na utaratibu wa kawaida. Matokeo yalichapishwa 2006: baada ya miaka miwili, waliokuwa wanatumia ni asilimia 31 kwa waliokaa kwenye nyumba zile, na asilimia 65 kwa wengine. Mtu anayepigania kuacha anahitaji kulala mahali ambapo hakuna kijiko kwenye soksi. Wewe mwenyewe ni shahidi: siku tano za kijiko kimoja zimekunyima usingizi. Wenzenu saba wengine nao wana haki hiyo.

Upande wa pili wapo walioanza na dari kwanza. New York mwaka 1992, mwanasaikolojia Sam Tsemberis aliwapa watu waliokuwa wanalala barabarani, wagonjwa wa akili, wengi wao wakitumia pombe au dawa, nyumba zao wenyewe bila kuwataka kwanza waache. Wengi walibaki kwenye nyumba hizo, tofauti na ilivyotabiriwa. Mimi nimeona za aina zote mbili, na sioni sababu ya kuzigombanisha. Ninachoshikilia ni kwamba mwanamke akitoka nyumba moja kwa sababu ameteleza, awe anakwenda mahali. Kitanda cha hospitali, nyumba nyingine isiyo na sharti hilo, kwa ndugu aliyekwisha pigiwa simu na kukubali. Mahali penye jina. Usiku na mfuko wa takataka si mahali.

Hilo ndilo mtakalomwomba mama mlezi. Mwambieni kwamba Rehema amekuja kwa miguu yake, hakukamatwa, na kwamba kuja mwenyewe kuwe na uzito. Ombeni apelekwe kliniki asubuhi kurudishwa kwenye methadoni, na awe chumba cha karibu na mlezi mpaka hapo. Kama sheria lazima itoe, basi itoe mchana, itoe kwenda kwenye tiba, na iandikwe ni lini anaweza kuomba kurudi. Na naloksoni iwe kwenye mfuko wake. Sidhani mama mwema atakataa yote haya. Huenda anasubiri mtu amwombe, kwa sababu wenye kushika sheria nao wanalala vibaya, nakuhakikishia. Hata yule mwenzenu aliyetolewa, ulizeni habari zake. Mtu atafutwe.

Utakapofika mbele yake sema na lako pia: "Nimeficha siku tano." Onyo litaandikwa, liandikwe. Kisha omba kubadilishiwa chumba waziwazi, na useme sababu, kwamba hamu imeamka. Katika nyumba kama yenu hakuna sentensi inayoheshimiwa kuliko hiyo.

Kuhusu mtoto nitasema kidogo tu. Mtoto wa miaka sita aliyeuliza "huyu ni nani" hajamkataa mtu, ameuliza swali la kweli. Linajibika, ila polepole. Kosa lilikuwa Rehema kwenda peke yake na kurudi peke yake. Ziara za namna hiyo zipangwe: mtu wa kwenda naye, na mtu wa kukaa naye jioni akirudi, kabla hajapata muda wa kucheka kile kicheko. Kama nyumba yenu haina utaratibu huo, uleteni kwenye kikao.

Na sasa kijiko.

Unasema hujui kwa nini hukukitupa. Mimi nadhani unajua, na ndiyo maana umekiandika mwisho kabisa, baada ya maswali yote ya Rehema. Sikulaumu hata kidogo. Miaka tisa mkono wako ulijua kazi moja, na Jumatano ulipokishika kile kijiko, mkono ulikumbuka kabla yako. Ukakiviringisha kwa uangalifu, kama kitu cha thamani. Hiyo ndiyo hamu, ile ile ya kwenye ngazi, safari hii haikukuita kwa jina, ilijifanya huruma kwa Rehema. Hujateleza. Umekiandika kwenye karatasi na kumtumia mtu, na hiyo ni siri moja tayari imetoka.

Usikitupe peke yako, maana mtu akiwa peke yake anaweza kukitoa tena kwenye pipa. Nenda nacho kwa mama mlezi, kikiwa hivyo hivyo kwenye kitambaa, ukiweke mezani mwenyewe na useme umekaa nacho tangu Jumatano. Kesho asubuhi kliniki mwambie na mnasihi wako, kwa sababu hamu ikipanda hivi pengine dozi yako inahitaji kuangaliwa upya.

Fanya leo. Kisha niandikie, hata mstari mmoja, unieleze Rehema amelala wapi.

Shangazi yako